Mtoto wa tai ni kinda au kifaranga? Na kundi lao linaitwaje? Wa Mtwara na Lindi naomba msaada

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Leo sina habari ya korosho wala ya barabara. Hapa mezani pana daftari la binti yangu wa darasa la tano, na tangu mchana sijatulia.

Zoezi lilikuwa la nomino za makundi na majina ya watoto wa wanyama. Maswali kumi. Manane amepata: bumba la nyuki, mkungu wa ndizi, mtungo wa samaki, ndama, kitungule na mengineyo. Mawili amewekewa kosa, na yote mawili ni ya tai. Kwenye kundi la tai aliandika "kundi". Kwenye mtoto wa tai aliandika "kinda". Kalamu nyekundu imepita juu ya yote mawili, na pembeni yameandikwa majibu yanayotakiwa: "kusanyiko" na "kifaranga".

Shule sitaitaja, na mwalimu simsemi vibaya. Ni kijana mwenye bidii na binti yangu anampenda. Lakini hilo neno kinda mtoto hakulibahatisha. Alilipata kwa macho yake, na nilikuwepo.

Mwaka jana mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tulikwenda kwa mjomba wangu kule chini karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mjomba ni mvuvi wa siku nyingi. Asubuhi moja akatupakia kwenye mtumbwi, tukapita katikati ya mikoko mpaka pale maji yanapoanza kupoteza chumvi. Pana mti mrefu, nusu umekauka, na kwenye panda ya juu pana kiota. Ukikiona mara ya kwanza unadhani mtu kapandisha tita la kuni akalisahau huko. Ukingo wa upande wa pili umeinuka, tukapanda mpaka tukawa karibu usawa wa kile kiota, na nilikuwa na darubini ya kuazima. Tai walikuwa wawili, wale wenye kichwa na kifua cheupe, tumbo la kahawia nyekundu na mbawa nyeusi. Mmoja akarudisha kichwa nyuma mpaka kisogo kikakaribia mgongo, akalia. Hajamaliza, mwenzake akapokea. Mwanangu aliziba masikio huku anacheka.

Baadaye mmoja akaja na kambale, akatua kiotani. Tukaona kichwa kidogo cha rangi ya majivu kinainuka, kinatetemeka, shingo bado haijakaza. Yule mkubwa akambana samaki kwa kucha, akanyofoa kinyama kidogo sana, akainamisha kichwa upande, akangoja. Kile kichwa kidogo kikadonoa hewa. Kikadonoa tena, kikakosa. Mara ya tatu kikakipata kile kipande mdomoni mwa mkubwa wake. Tulikabidhiana darubini bila kusema neno.

Mwanangu akauliza, "Babu, kile kifaranga hakijui kula?" Mjomba akamjibu: "Kile si kifaranga, mjukuu wangu. Kifaranga akitoka kwenye yai anajiokotea. Kile ni kinda, anasubiri kuletewa."

Basi ndilo alilokwenda kuliandika, na ndilo alilowekewa kosa. Naomba mnisaidie. Kinda si sahihi? Na hilo kusanyiko la tai kuna mtu humu amewahi kulisikia mtaani, shambani, baharini, popote?

Mkorosho Mkavu (Tandahimba)

Mkuu, kusanyiko najua lilikotoka. Waingereza wana desturi ya kulipa kila kundi la mnyama jina lake la pekee. Kundi la tai wanaliita convocation, na kinda wake wanamwita eaglet. Desturi yenyewe ilianzia kwa mabwana wa uwindaji huko kwao, karne ya 15. Bwana aliyeweza kuyataja majina hayo bila kukosea alionekana amelelewa vizuri. Mengine yakaongezwa baadaye kwa kunogesha lugha. Neno hilohilo convocation ndilo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinalotumia kwa jumuiya ya wahitimu wake.

Sasa mtu akiichukua orodha ile akaitafsiri mstari kwa mstari, anapata "kusanyiko la tai". Akifika kwa bundi atapata "bunge la bundi", na kwa kunguru atapata "mauaji ya kunguru", maana hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwao. Mtoto wa Tandahimba akiambiwa mauaji ya kunguru atauliza nani kawaua.

Wana na jina jingine, la ndege wakubwa wanaopanda juu pamoja wakizunguka kwenye hewa ya moto. Wanaliita kettle, yaani birika, kwa sababu mzunguko ule unafanana na maji yanayochemka. Ni neno zuri, aliyelitunga alikuwa ametazama. Lakini ni lao. Sisi tunasema tai wanazunguka, tunaelewana.

Kivinje Pwani

Nipo Kilwa Kivinje, kazi yangu bahari. Mleta uzi, huyo uliyemwona kwetu ni furukombe, wapo wanaomwita kwazi. Tai ni jina la jumla. Mzee akisema furukombe unajua kabisa anasemwa yule wa samaki mwenye kichwa cheupe. Tuna na pungu pia, ila kwetu ukisema pungu lazima ueleze wa wapi, maana yupo wa juu na yupo wa majini, yule wa jamii ya taa anayepiga mapezi yake kama mbawa. Nimewahi kumtazama akipita chini ya ngalawa maji yakiwa maangavu kabisa. Aliyempa jina la ndege hakukosea hata kidogo.

Swali langu mimi ni jingine. Nina miaka 30 na zaidi baharini na sijawahi kuona kundi la furukombe. Wawili, basi. Nikiona wengi angani ni mwewe, hasa pale tunapopara samaki. Hilo kundi linalotafutiwa jina liko wapi?

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Kivinje Pwani, asante, umeweka kidole penyewe. Tai wengi wa kwetu ni ndege wa wawili wawili. Dume na jike wanashika eneo lao, wanalilinda, na kiota wanakirudia mwaka hadi mwaka wakiongeza vijiti. Ndiyo maana kile nilichokiona kilikuwa kinene vile. Ule mlio wa kupokezana ni wa kutangaza kwamba hapa pana wenyewe.

Penye tai wengi pamoja pana sababu, na karibu kila mara ni chakula au safari. Kule Alaska, Marekani, kwenye mto Chilkat, tai wenye vichwa vyeupe wa kwao hukusanyika kwa maelfu majira ya baridi kwa sababu kipande cha mto huo hakigandi na samaki wapo. Mwaka 1982 eneo lile likatengwa kuwa hifadhi yao. Huyo Mwingereza au Mmarekani anayesema kusanyiko la tai, angalau kuna mahali anaweza kwenda kuliona. Wapo na tai wanaokuja Afrika Mashariki kutoka nyika za Kazakhstan na Urusi, wanasafiri wengi pamoja na mvua zikinyesha wanateremka kula kumbikumbi. Tai mzima, ndege wa kutisha, anatembea chini anaokota kumbikumbi kama kuku.

Nyota ya Kusini

Mimi naona tusikatae kila kipya. Lugha inakua. Kama Waingereza wana eaglet, kwa nini sisi tusiseme kitai? Fupi na inaeleweka. Na kundi tulipe jina letu wenyewe, tusisubiri mtu.

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Wanangu, nimefundisha Kiswahili shule za msingi za mkoa huu mpaka nikastaafu. Nitasema kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza tusimwonee mwalimu kijana. Orodha hizi zinasambaa kwenye simu, mtu anazinakili usiku ili asubuhi awe na zoezi ubaoni. Nami nimefanya hivyo nikiwa na umri wake.

Pili, maneno yetu ya makundi. Yatazameni moja moja muone yametoka wapi. Mtungo wa samaki, kwa sababu samaki wametungwa kweli kwenye ukili au kijiti, nendeni ferry Mtwara mkaone. Doti ya kanga ni vipande viwili vinavyouzwa pamoja. Korija ni vitu 20, kipimo cha wauza nguo. Pakacha la nazi, kwa kuwa zimewekwa ndani ya pakacha la makuti. Mkungu na chane ni ndizi zilivyozaliwa zenyewe. Tita la kuni, kwa kuwa limefungwa. Hata bumba la nyuki ni kwa jinsi walivyogandamana. Karibu kila neno limetoka mkononi mwa mtu aliyekuwa akifunga, akibeba au akiuza. Tai hakuna aliyemfunga mtungo wala kumbeba kwa pakacha, na kama ndugu yetu wa Kivinje alivyosema, hata kuwaona wengi pamoja ni shida. Ndiyo maana lugha haikumwekea neno. Aliyeandika "kundi la tai" ameandika Kiswahili sanifu na ningempa alama yake yote.

Tatu, kinda na kifaranga. Hapa mjomba wa mleta uzi amesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi nilikuwa nalifundisha kwa kipindi kizima. Tunasema kifaranga cha kuku, cha kanga, cha kwale. Hawa akitotolewa leo, akikauka tu anasimama, anamfuata mama yake na anadonoa mwenyewe. Tunasema kinda la njiwa, la shomoro, la kunguru, la tai. Hawa wanazaliwa wanyonge, wengine uchi kabisa, wanabaki kiotani wakiachama midomo mpaka waletewe. Wataalamu wa ndege duniani kote wanawagawa watoto wa ndege kwa njia hiyohiyo, wanaotembea wakizaliwa na wanaolelewa kiotani. Wazee wetu waliuona mgawanyo huo bila maabara, wakauweka kwenye maneno mawili. Binafsi jambo hili linanifurahisha kila ninapolifikiria.

Sasa haki itendeke pande zote. Siku hizi vitabu vingi vinatumia kifaranga kwa mtoto wa ndege yeyote, kwa hiyo mwalimu akipokea "kifaranga" hajakosea sana. Kosa ni kulikata kinda. Hilo ndilo jibu lenyewe.

Kuhusu kitai, Nyota ya Kusini mwanangu, kiambishi ki- kina adabu zake. Kinaweza kuonyesha udogo, kinaweza pia kudunisha. Ukisema kitai nitamwona tai mzima aliyedumaa, sitaona mtoto. Na neno kinda liko hai. Sikilizeni mpira redioni: mchezaji aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Namungo anaitwa kinda. Mtangazaji hamwiti kifaranga wa Namungo, kwa kuwa anajua kijana huyo bado analelewa.

Na kwa wanaopenda sarufi: tunasema kinda la tai, makinda ya tai, lakini kwenye kitenzi anafuata uhai wake. Kinda analia. Makinda wanalia.

Nyota ya Kusini

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa kwenye kitai, nakiondoa. Ila naomba nikuulize, kinda ni la ndege wote wa kiotani. Tai hana lake peke yake? Mbona simba ana shibli, bata ana kiyoyo, papa ana kinengwe?

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Marahaba mwanangu. Hana, na hapungukiwi kitu. Bata tunafuga, papa tunavua na kumpima sokoni, mkubwa na mdogo wana bei tofauti. Mtoto wa tai anakaa juu ambako watu hatufiki. Tunasema kinda la tai, tunamaliza.

Dada wa Nachingwea

Naomba niingie kwa upande wa Biblia, maana wengi neno tai tumelipata huko. Walawi 11 wanatajwa mfululizo tai, furukombe na kipungu, kisha mwewe na kozi. Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na shida ya majina, alikuwa na kapu zima. Na Kumbukumbu la Torati 32, tai anapapatika juu ya makinda yake. Makinda. Mleta uzi mpelekee mwalimu mstari huo.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Mathayo 24:28 inasema ulipo mzoga ndipo watakapokusanyika tai. Sasa tai anayekusanyika kwenye mzoga si tumbusi huyo? Na nabii Mika anazungumzia upara wa tai. Furukombe hana upara.

Na la pili, mahubiri. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba tai akifika miaka 40 anakwenda mlimani, anaupiga mdomo wake kwenye mwamba mpaka ung'oke, anang'oa kucha, anakaa siku 150 ziote mpya, kisha anaishi miaka 30 mingine. Ni kweli? Nina mtoto kanisani ameniuliza.

Askari wa Pori (Liwale)

Dada, nilikuwa kwenye doria za wanyamapori miaka mingi upande huu wa Liwale, nikujibu ninayoyajua.

Tai na tumbusi. Kwenye Kiswahili cha watu wengi tai anabeba wote wawili, mwindaji na mla mizoga. Kiebrania nacho kina neno nesheri ambalo wataalamu wengi wanasema lilimhusu tumbusi pia, ndiyo maana upara unaingia. Kwa hiyo Mathayo usisumbuke, ndege wa pale ni hao wa mzogani. Na hapa nirudi kwenye swali la kundi. Mtu akikuambia ameona kundi la tai porini kwetu, mara nyingi ameona tumbusi. Wao ndio wanaoteremka 40 au 50 kwenye nyati mmoja. Niliwazoea wanavyokuja: mmoja anakunja mbawa anashuka, wa mbali anamwona huyo akishuka, naye anafuata, na aliye mbali zaidi anamfuata huyo. Ndani ya nusu saa anga tupu limejaa.

Kundi hilo ndilo linalowaua. Mtu akitia sumu mzoga mmoja kwa hasira ya simba aliyekula ng'ombe, wote wanakufa pale pale kwa mlo mmoja. Tumbusi mgongo-mweupe yuko kwenye ngazi ya mwisho kabisa ya hatari ya kutoweka tangu mwaka 2015. Pungu naye, ambaye ni tai wa kweli lakini hula mizoga pia, akatangazwa kuwa hatarini mwaka 2020. Nimezika ndege wa namna hiyo kwa mikono yangu. Tulichimba shimo, tukachoma moto, ili mwingine asije akawala hao. Sipendi kuikumbuka siku ile lakini naisema hapa ili ijulikane.

La mdomo kung'oka, hapana dada. Mdomo wa tai unakua muda wote kama kucha zetu, unalika kwa kazi. Tai bila mdomo hana jinsi ya kunyofoa nyama, siku 150 hafiki, atakufa njaa mapema sana. Na miaka 70 haifiki. Huko Marekani, mkubwa kuliko wote kati ya tai wa porini waliovishwa pete ya alama alikutwa na miaka 38, na huyo anahesabiwa kuwa wa ajabu. Mweleze mtoto kwamba tai anabadili manyoya kidogo kidogo, hilo ni kweli, na kwangu linatosha kabisa.

Dada wa Nachingwea

Asante sana baba. Na kubeba makinda mgongoni?

Askari wa Pori (Liwale)

Mimi sijaona, na walioketi na darubini chini ya viota kwa miaka hawajalithibitisha. Ninachokijua ni hiki. Kinda akikaribia kuruka, wazazi wanapunguza kuleta chakula. Mama anapita na nyama mbele ya kiota, hatui. Kinda anapiga mbawa pale pale, anarukaruka juu ya vijiti, siku kadhaa. Upepo ukija vizuri anajikuta yuko hewani.

Kwa kuwa uzi ni wa makinda, niongeze mambo mawili. Furukombe anataga mayai 1 hadi 3, mara nyingi 2. Wanayaatamia kwa siku 42 hadi 45, jike ndiye anakaa zaidi, na kinda anakaa kiotani kama siku 70. Tai mwenye kishungi, yule mkubwa wa msituni anayekamata nyani na tumbili, kinda lake linakaa kiotani kama siku 110, na akisharuka bado wazazi wanamlisha miezi 9 hadi 11 mingine. Ndiyo maana jozi moja inazaa mara moja kwa miaka miwili. Ukikata mti wenye kiota chake umewafutia kazi ya muda huo wote.

Jambo la pili ni gumu kulisimulia. Kwa tai wa aina kadhaa, akiwemo huyo wa kishungi, mayai yanakuwa mawili lakini anayepona ni mmoja. Aliyetangulia kuanguliwa anamdonoa mdogo wake mpaka anakufa, na mama yupo hapo hapo haingilii. Wanasayansi wameipa tabia hiyo jina la Kaini wa kwenye Mwanzo. Sababu inayotolewa ni kwamba yai la pili ni la akiba, likiharibika la kwanza. Najua maelezo, lakini moyo bado unakataa.

Kivinje Pwani

Hiyo ya Kaini sikuijua. Nimesoma mara mbili.

Askari, nisaidie jingine. Kuna ndege wa kahawia tupu, ukubwa wa furukombe, anakaa peke yake kwenye mikoko yetu, watu wanasema ni aina nyingine. Kichwa si cheupe, ana michirizi tu.

Askari wa Pori (Liwale)

Huyo ni furukombe mchanga. Akiacha kiota anakuwa wa kahawia mwenye madoa na michirizi myeupe, na anakaa hivyo miaka, kichwa kinakuwa cheupe safi kwenye miaka 5 hivi. Pungu ndiye anachelewa zaidi, miaka si chini ya 6. Pungu mkubwa ana mkia mfupi kiasi kwamba akiruka miguu inapita mkia, ana uso na miguu myekundu. Mtoto wake ni kahawia yote na mkia mrefu kidogo. Doria nzima tulibishana kama ni ndege mmoja, hadi tulipowaona kwenye mti mmoja, mkubwa akimpa mdogo nyoka.

Mkorosho Mkavu (Tandahimba)

Hapa ndipo naona pengo la kweli kwenye lugha, wala si kwenye kundi. Huyo wa miaka 2 au 3, ameshaacha kiota na hajawa na rangi ya wazazi. Si kinda tena. Tumwiteje? Mwalimu?

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Tai mchanga, furukombe mchanga. Wengine tai kijana. Pungu tu ningependa tuulizie ng'ambo ya mpaka, maana jina lake limesambaa sana kusini: Washona wa Zimbabwe wanamwita chapungu, mnaona mzizi ni ule ule. Watu waliomheshimu ndege kiasi hicho huenda walikuwa na jina la mtoto wake pia.

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita, naomba radhi kwa kimya. Nilikwenda shuleni Jumatatu iliyopita. Nilimpa mwalimu mkono, nikamwonyesha baadhi ya michango yenu kwenye simu, hasa ya Mwalimu Mstaafu. Alisoma amesimama, kisha akavuta kiti akasoma tena. Akaniomba nimtumie. Alama ya kinda ameirudisha. Ya kundi nayo ameirudisha, akaandika pembeni kwa mkono wake "kundi la tai, sahihi". Akaniambia orodha aliipata kwenye simu, kama Mwalimu alivyosema.

Kisha akamwita binti yangu mbele ya darasa aeleze tofauti ya kinda na kifaranga. Nilikuwa bado mlangoni. Alieleza kwa mikono: kifaranga akaonyesha vidole vinatembea mezani, kinda akaachama mdomo akatazama juu. Darasa zima likaachama.

Jioni tukampigia mjomba kumpa habari. Nikamuuliza swali la Mkorosho Mkavu, wale wa katikati wao wanawaitaje. Akasema wao husema tu "yule wa mwaka jana". Wa mwaka jana yupo, anashinda kwenye mnazi uliokufa karibu na kijito, bado kahawia, na wazazi wanamfukuza akisogelea mti wao. Kiotani wameongeza vijiti, na jike siku ya nne hii hajaondoka pale juu.